Kamera inapenda moto, haipendi fakturi



Mwezi wa tano ukifika, sisi watu wa Kivu tunakumbuka mambo mawili. Tunakumbuka tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho, wakati mbingu ya Goma iligeuka nyekundu na moto wa Nyiragongo ukashuka. Tunakumbuka tena tarehe 4 Mei 2023, siku ya ine, siku ya soko kule Nyamukubi, wakati mito ya Kalehe ilitoka ndani ya njia yake na kubeba watu, nyumba na mali, Nyamukubi na Bushushu. Na kuna jambo la tatu tunalolikumbuka lakini hatulisemi: kamera. Mbele ya siku zile hazikuwako. Siku zile zilijaa. Kiisha zikaenda.

Leo tunaongea juu ya kamera hizo. Tutaongea kwa kucheka kidogo, maana kulia tulikwisha kulia.

Namna habari ya msiba inavyopikwa

Ninyi wote mnakijua chakula hicho. Kwanza muziki: ngoma nzito, sawa filamu ya vita. Kiisha maandishi mekundu chini ya kioo: HABARI YA DHARURA. Kiisha mtangazaji mwenyewe, tai imefungwa vizuri, na ile sauti anayoiweka kabatini kwa ajili ya siku ya maiti. "Asili imekasirika." "Goma, mji wa kiama." "Jehanamu imefunguka." Bado hajasema moto umefika kartye gani, barabara gani imefungwa, na watu wapitie wapi. Hayo yatakuja kiisha matangazo ya pombe. Ama hayatakuja.

Sasa tunashuka kwa mwandishi aliyetumwa. Amevaa jileti yenye mifuko 12, na mifuko yote ni mitupu. Anasimama Buhene, pembeni ya lava iliyosimama tangia siku kadhaa. Nyuma yake wamama wanapita na mabeseni kichwani, kijana wa chukudu anashuka na magunia ya makala, watoto wanaokota mabati yaliyoungua ili wayauze. Mpiga picha anajua kazi yake: anasogeza kamera mpaka chukudu inatoka ndani ya picha. Ndani ya kiama hakuna chukudu.

Kiisha anatafutwa mama. Habari ya msiba bila mama haiwezekani. Asiwe mama anayeeleza vizuri, hapana. Awe mama anayelia.

"Mama, unasikia nini ndani ya roho?"

"Baba, niko natafuta mutoto wangu. Iko na myaka munane. Alivaa kaputula ya bluu. Kama kuna mutu alimuona ku Sake ao ku Gisenyi..."

"Pole sana mama. Unaweza kurudilia? Helikopta ilipita na kelele."

Mama anarudilia. Mara ya pili analia kidogo tu, maana machozi si bomba la kufungua na kufunga. Basi wanatumia mara ya kwanza, na wanakata maneno ya kaputula. Maneno hayo yanachukua sekunde nne, na kwenye televisheni sekunde nne ni nyingi. Mtoto anabaki bila kaputula, bila myaka, bila Sake wala Gisenyi. Anakuwa "mmoja kati ya mamia".

Pembeni kuna shefu wa avenyi, mzee anayejua kila nyumba na kila jina. Yeye anataka kusema kwamba bomba la maji limekatika na watu wameanza kuchota ziwani. Mwandishi anaangalia saa. "Mzee, asante, muda umetuishia."

Na maji yale hayakuwa jambo dogo. Lava iliharibu tanki na mabomba, na watu karibu 500,000 wakabaki bila maji safi, ndani ya jimbo ambalo kipindupindu ni kama jirani anayeingia bila kupiga hodi. Lakini bidoni tupu haiwaki. Ukiipiga picha usiku kwa droni, haionekani.

Ziwa litalipuka, endeleeni kutuangalia

Kiisha moto kusimama, televisheni zilikuwa na shida: moto haukuendelea. Basi wakageuka kuangalia ziwa.

Tusikilizane vizuri, maana jambo hili si mchezo. Ni kweli ndani ya ziwa Kivu kuna gesi nyingi iliyofungwa chini: metani karibu kilometa kyubu 60, na gesi ya kaboni karibu kilometa kyubu 300. Ni kweli tena kwamba tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos, kule Kameruni, lilitapika gesi ya kaboni na kuua watu zaidi ya 1,700 ndani ya usiku mmoja. Mtu wa Goma hana haki ya kulidharau jambo hilo. Lakini ni kweli vilevile kwamba mwezi wa kwanza wa 2002 lava ilipita katikati ya mji wetu, ikaingia mpaka ndani ya ziwa, na maji ya chini hayakupinduka. Na ni kweli kwamba jirani zetu wa Rwanda wanatoa metani ya ziwa hilohilo na kuifanya umeme.

Habari kamili ilikuwa na miguu mitatu. Walikata miwili, wakatuletea mmoja: ziwa litalipuka. Mtaalamu anasema polepole: "Hatari iko, lazima tupime kila siku, lakini kwa sasa hatuna alama kwamba iko karibu." Chini ya kidevu chake maandishi mekundu yanasema: MAMILIONI KUFA? Ile alama ya kuuliza njo sabuni ya televisheni. Wanaosha nayo mikono.

Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba watu wa kartye 10 kati ya 18 za Goma watoke. Leo hatubishani kama ilifaa kutoka ama haikufaa. Tunaongea juu ya namna tulivyotoka. Watu karibu 400,000 barabarani: upande wa Sake, upande wa Rutshuru, Gisenyi, wengine ndani ya mashua za kwenda Minova na Bukavu. Mamia ya watoto walitengana na wazazi wao. Na kila mmoja alikuwa na simu mkononi, na ndani ya simu ziwa lilikuwa limekwisha kulipuka mara tatu.

"Banasema gaz inatoka, tukimbie!"

"Tukimbilie wapi?"

"Habasemi. Banaonesha tu moto."

Hayo maneno mawili ya mwisho njo tahariri yetu yote. Tungeweza kuishia hapa. Lakini kuna hesabu ambayo lazima tuiseme.

Wawili kwa moto, kumi na tatu kwa mbio

Siku iliyofuata ule usiku wa 22 Mei, serikali ilitoa hesabu ya kwanza ya waliokufa: watu 15. Kati yao, 9 walikufa kwa ajali ya barabarani wakikimbia. Wanne walikufa wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze. Wawili njo walioungua.

Rudilieni kuisoma. Ndani ya hesabu ya kwanza, wawili kwa moto, kumi na tatu kwa mbio. Siku zilizofuata wengine walikufa kwa kuvuta gesi wakivuka kwa miguu juu ya lava iliyokuwa bado inatoa moshi, na hesabu ikapita 30. Hata hao, neno moja tu lingewaokoa: "Musipite pale, kuna gesi."

Mtu anayetoka nyumbani usiku na mtoto mgongoni hahitaji kuoneshwa mbingu nyekundu. Mbingu anaiona mwenyewe. Anahitaji sentensi moja: moto unashuka upande huu, ninyi pitieni upande ule. Sentensi hiyo haina muziki, haina droni, haina kilio. Inaokoa watu tu. Njo maana haikupewa nafasi.

Na kuna ubaya mwingine unaokuja polepole. Kama kila moshi wa Nyiragongo unaitwa kiama, siku ile kiama kitakuja kweli mama ataangalia televisheni, atasema "hawa tena", na atarudi kugeuza bugali. Yule anayetutisha kila siku anatufundisha kutosikia. Mlima wetu ulishuka mwaka wa 1977, ukashuka 2002, ukashuka 2021. Utashuka tena. Siku hiyo neno la kututoa nyumbani lazima liwe bado na nguvu.

Zawadi yetu kwa televisheni

Sisi si watu wa kulalamika tu. Tumewatayarishia ndugu zetu wa televisheni habari za dharura ambazo zingefaa kupita. Muziki na rangi nyekundu wataweka wenyewe.

HABARI YA DHARURA, Oktoba 2014. Maji yameshuka Bushushu na Nyamukubi na kuua watu. Wiki ijayo tutarudi kuangalia kama wakaaji wamepewa pahali pengine pa kujenga. Wiki ijayo imefika. Tuko studio, tunaongea juu ya kandanda.

HABARI YA DHARURA, mwaka 2020. Msaada wa Benki ya Dunia kwa OVG, kituo kinachochunguza volkano za Goma, umekwisha na haukuendelezwa. Intaneti inayoleta mjini sauti ya mashine za mlimani imekatika. Mwandishi wetu yuko pale pale: "Niko hapa mbele ya fakturi. Hali ni ya kutisha. Nyuma yangu mnaweza kuiona, bado haijalipwa." Kituo kitakaa hivyo miezi mingi. Intaneti itarudi mwezi wa ine 2021, wiki chache tu mbele ya moto.

HABARI YA DHARURA, 3 Mei 2023. Ng'ambo ya ziwa, kwa jirani zetu wa Rwanda, mvua ya usiku imeua watu zaidi ya 100. Tunaomba wataalamu watuambie: mvua hii inaelekea wapi? Kesho ni siku ya soko Nyamukubi, na watu watatoka vijiji vingi.

HABARI YA DHARURA, leo. Leo hakuna kilichotokea. Mti umekatwa mlimani na gunia la makala limefika mjini. Nyumba imejengwa ndani ya njia ya maji, na mkubwa mmoja ametia sahihi juu ya karatasi ya parsela hiyo. Mtaro umejaa plastiki. Hakuna maiti. Endeleeni kutuangalia.

Hii ya mwisho njo kubwa kuliko zote. Msiba unatengenezwa siku ambazo hakuna kilichotokea. Maji ya Kalehe yaliua watu zaidi ya 400, wengi tukawazika pamoja, na tarehe 8 Mei 2023 inchi nzima ikashusha bendera. Lakini milima ile ilikuwa imebaki bila miti tangia zamani, na watu walikuwa wanakaa pale mito inapomwagia mawe, juu ya udongo ambao mafuriko ya zamani yalileta. Mbele yao, mwezi wa ine 2020, mto Mulongwe uliingia ndani ya mji wa Uvira na kuua watu kwa makumi. Kule Kinshasa, tarehe 13 Desemba 2022, mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 120, na televisheni zikatuonesha shimo la barabara ya taifa namba moja kutoka juu, kutoka chini na kutoka pembeni. Kila mara tunaambiwa: mvua ya ajabu, mvua isiyowahi kuonekana. Ilionekana. Ilionekana Uvira, ilionekana Kinshasa, ilionekana palepale Bushushu.

Kwa hiyo, mtangazaji akisema "asili imekasirika", mjue anampa mtu likizo. Asili haina kiti. Haina bajeti. Asili haiwezi kuitwa bungeni ieleze pesa ya mtaro ilienda wapi. Ni mshitakiwa mzuri sana kwa wakubwa wetu, maana hajibu.

Na wakubwa wanajua hilo. Angalieni picha inayofuata ile ya mama anayelia: mkubwa amefika na magodoro. Magodoro ni kidogo, kamera ni nyingi. Kila godoro linapewa mara mbili, moja kwa mama na moja kwa kamera. Kiisha kuna ile pesa kidogo ya kupaji ili habari ipite jioni. Hakuna anayemwuliza mkubwa: mwaka jana ulikuwa wapi?

Muuaji asiye na picha

Tuna jambo lingine la kuwaambia, na hili mtoto yeyote wa Goma analijua: mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ndani ya udongo wetu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mashimoni na mabondeni, zaidi usiku na asubuhi kama hakuna upepo, kuanzia mwisho wa mji mpaka njia ya Sake. Haina rangi. Haina harufu. Inaua mbuzi aliyefungwa chini, inaua mtoto aliyeinama kuokota kitu, inaua mgeni aliyelaza familia pahali asipopajua. Na anayeingia kumwokoa mwenzake anaanguka pembeni yake.

Mazuku haijawahi kupata ngoma nzito wala maandishi mekundu. Utaipiga picha gani? Utaonesha nyasi na kimya? Lakini dawa yake inajulikana: kibao kilichoandikwa vizuri, jiwe lililopakwa rangi, na mtu wa kuwaambia wanaokuja kukaa, "Hapa musilale, hapa musichimbe." Kazi hiyo ni bei rahisi. Ina kosa moja tu: ikifanyika vizuri, hakuna habari.

Na sisi wenyewe?

Hatutaki kujifanya malaika. Usiku wa 22 Mei nani kati yetu hakutuma video bila kuangalia inatoka wapi? Volkano za inchi zingine zilifika Goma usiku ule kwa njia ya simu zetu. Tulisimama barabarani kuchukua selfi na lava huku wazee wanatafuta mtu wa kuwabebea mizigo. Kama tunasema televisheni inakula maiti, sisi pia tulilamba sahani.

Na kuna waandishi wa habari wa hapa kwetu ambao maneno haya si yao. Wako wanaolipwa kidogo ama hawalipwi kabisa, na usiku ule wao pia walikuwa na watoto wa kukimbiza. Lakini waliendelea kutangaza redioni: barabara hii iko wazi, maji yanapatikana pale, mtoto huyu anatafuta wazazi. Hao tunawaheshimu. Wanatuonesha kwamba kazi inawezekana, na inawezekana bila jileti ya mifuko 12.

Tunachodai

Kwa televisheni na redio:

1. Siku ya hatari, maneno ya kwanza yawe: wapi, upande gani, watu wapitie wapi, namba gani ya simu. Mengine yatangojea.
2. Kila mtu anayetafuta mtoto aachiwe sekunde zake zote, na jina, na nguo.
3. Maneno ya mtaalamu yasiandikwe kinyume chini ya kidevu chake.
4. Mrudi miezi sita nyuma ya msiba, na mwaka mmoja nyuma ya msiba, mkiwa na kamera zilezile. Mwulize maswali yaleyale kwa wakubwa walewale.

Kwa serikali na wakubwa wa jimbo:

1. Pesa ya kuchunguza volkano na ziwa itoke kwenye bajeti ya inchi, si kwa msaada unaokwisha. Na raia wajue kila mwaka kama ilitoka kweli.
2. Habari ya hatari itolewe mapema, kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni anakisikia.
3. Wanaotia sahihi ili watu wajenge ndani ya njia ya maji na njia ya lava watajwe na waitwe kujibu.
4. Watu wa Bushushu na Nyamukubi wapewe pahali pa kukaa, si magodoro.

Kwa sisi raia: mbele ya kutuma video, tuulize ni ya wapi na ya lini. Mitaro tutaifagia siku ya salongo, hata kama hakuna kamera. Na kila kartye ijue njia yake ya kutokea, ili siku ile asiwepo mtu wa kuuliza "tukimbilie wapi?" bila kupata jibu.

Ndugu wa televisheni, hatuwafukuzi. Rudini, na tunajua mtarudi, maana mlima haujahama. Lakini siku hiyo tunawaomba muanze na kaputula ya bluu.

Imeandikwa Goma, na vijana wa harakati.